Somo la 14: Usiwashe, Mtu Yuko Kazini



Kitabu cha kwanza cha kisomo kilikufundisha kusoma maneno kama pamba, jembe, maji na ng'ombe. Leo utajifunza neno moja tu jipya. Neno lenyewe ni hili:

USIWASHE

Lisome tena polepole: U-SI-WA-SHE. Neno hili huandikwa kwenye kibao kidogo, na kibao hutundikwa kwenye swichi ya umeme. Maana yake ni kwamba mwisho wa waya ule kuna mtu. Mtu huyo humwoni. Pengine yuko mita 50 kutoka hapo uliposimama, amelala chali ndani ya tumbo la meli, na mikono yake imeshika waya mtupu. Ukiwasha, unamwua.

Asiyejua kusoma hulipita neno hili kama anavyopita ukuta. Wewe sasa unajua. Kwa hiyo somo hili ni lako.

Meli inatuhusu nini?

Huenda unajiuliza, sisi watu wa Bariadi tuna kazi gani na meli? Sisi ni wakulima wa pamba na wafugaji. Ni kweli. Katika wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni Busega peke yake inayogusa maji ya Ziwa Viktoria. Lakini siku hizi barabara ni ya lami kutoka Bariadi mpaka Lamadi, na kutoka Lamadi mpaka Mwanza. Kijana akipanda basi asubuhi, mchana yuko mjini anatafuta kibarua.

Na Mwanza kuna kazi ya meli. Meli ya MV Victoria, ambayo wazee wetu waliipanda kwenda Bukoba, ilianza safari mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa matengenezo makubwa hapo Mwanza, ikarudi majini mwaka 2020. Katika bandari ya Mwanza Kusini ilijengwa meli mpya, MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na zaidi, ya kuchukua abiria 1,200 na mizigo tani 400. Iliteremshwa majini tarehe 12 Februari 2023. Ili kujenga meli kubwa namna hiyo ilibidi kwanza kijengwe chelezo. Chelezo ni mahali pa ufukweni ambapo meli hujengwa, au huvutwa nchi kavu ili itengenezwe.

Kazi za namna hii zinahitaji watu wengi. Wanahitajika mafundi wa umeme, wachomeleaji, wapaka rangi, wagonga kutu, na vibarua wa kubeba waya na kushika taa. Huyo kibarua wa kushika taa anaweza kuwa mwanao. Anaweza kuwa wewe. Na ukibaki kijijini pia humo humo umo, kwa sababu mashine ya kusaga, kiwanda cha kuchambua pamba na karakana ya kuchomelea mageti hutumia umeme ule ule.

Umeme unavyoua

Umeme hauonekani, hauna harufu wala sauti. Tunaweza kuufananisha na maji katika bomba. Msukumo wa maji ni kama volti. Wingi wa maji yanayopita ni kama ampea. Umeme wa nyumbani una msukumo wa volti 230. Umeme wa mashine kubwa, wenye nyaya tatu za moto, una volti 400.

Kinachomwua mtu ni wingi wa umeme unaopita mwilini mwake, hasa ukipita kifuani penye moyo. Kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno. Gawanya ampea moja mafungu 1,000. Kila fungu linaitwa miliampea. Sasa soma hesabu hizi:

Miliampea 1: unasikia kama unachomwa na upupu.
Miliampea 10 hadi 20: misuli inakaza. Vidole vinajikunja kwenye waya na huwezi kuachia.
Miliampea 30: ukiendelea kupita, pumzi inaweza kukatika na moyo uko hatarini.
Miliampea 50 hadi 100: moyo unaweza kuvurugika na kuacha kusukuma damu.

Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 260 hivi. Tazama mwenyewe. Umeme wa kuwasha balbu moja ya kusomea ni mara kadhaa ya ule unaotosha kuua mtu mzima mwenye nguvu za kulima ekari tatu.

Zingatia hapo kwenye kukaza misuli. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na mikiki hiyo huifanya misuli ikaze bila kulegea. Ndiyo maana watu husema umeme "umemnasa" au "umemvuta". Umeme haumvuti mtu. Ni mkono wake mwenyewe uliofunga na kukataa kufunguka. Anataka kupiga kelele, kifua kimekaza. Walio karibu wanaweza kudhani anachezacheza.

Chuma, jasho na maji

Sasa tuingie ndani ya meli. Kwa nini fundi wa meli yuko hatarini kuliko fundi anayefunga taa katika nyumba ya matofali?

Umeme hutafuta njia ya kurudi ulikotoka, na ardhi ni njia mojawapo. Ukiwa nyumbani, umevaa viatu vikavu, umesimama juu ya ubao mkavu, njia ya kupitia kwako ni nyembamba. Ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi fulani, na viatu pia huuzuia. Unaweza kushtuka na kuruka.

Ndani ya tumbo la meli mambo ni mengine. Chini ni chuma, ubavuni ni chuma, juu ni chuma. Chuma chote hicho kimeungana na ardhi. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo fundi hukaa, hupiga magoti au hulala. Mgongo wake wote unagusa chuma. Jua la Mwanza limepiga bati za meli tangu asubuhi na ndani kuna joto kama la tanuri. Fundi amelowa jasho, shati na suruali vyote. Chini kabisa kuna ngama, yaani maji machafu yanayojikusanya kwenye sakafu ya meli. Mtu aliyelowa hivyo, ambaye pande zote amegusa chuma, amekuwa kama sehemu ya waya.

Umeme wa volti 230 ukimpata mtu aliyelowa unaweza kupitisha zaidi ya miliampea 200 mwilini mwake. Rudi juu usome tena mstari wa mwisho wa zile hesabu.

Kwa sababu hiyo, taa ya mkononi ya kazi za ndani ya meli au ndani ya tangi haitakiwi kuwa ya volti 230. Inatakiwa iwe ya volti 24 au pungufu, na kile kisanduku cha kupunguza umeme kibaki nje, juu ya sitaha. Au itumike taa ya betri. Ukipewa balbu ya kawaida iliyofungwa kwenye waya mrefu wenye viraka vya utepe mweusi, ukaambiwa uingie nayo ndani ya tangi, kataa kwa adabu. Omba taa nyingine. Mimi naona afadhali kupoteza kibarua cha siku moja.

Kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mafundi wengi hawafi kwa kutojua kwamba umeme unaua. Wanalijua hilo vizuri sana. Wanakufa kwa kuamini kwamba umeme umezimwa.

Tuseme fundi anataka kutengeneza mota ya pampu chini ya meli. Anamwambia mwenzake, "Nenda ukazime." Mwenzake anakwenda, anazima, anarudi kuendelea na shughuli zake. Baada ya nusu saa anapita mtu wa tatu. Huyu anataka kutumia mashine ya kukatia vyuma na anaona haina umeme. Anatazama swichi kuu, anaikuta imezimwa. Yeye hajaambiwa lolote. Anaiwasha.

Nani mwenye kosa? Watu wanaweza kubishana mpaka jioni, na fundi bado amekufa. Mtu wa tatu hakuwa mbaya. Swichi haikumwambia chochote.

Basi swichi ifanywe iseme. Utaratibu ni huu, nao hutumika katika chelezo, viwandani na migodini.

Kwanza, waambie wote wanaotumia umeme huo kwamba unauzima. Kisha zima mwenyewe. Usitume mtu.

Pili, funga swichi kwa kufuli. Swichi kuu nyingi za viwandani zina tundu la kupitisha kufuli. Kama haina, ng'oa fyuzi uende nazo mfukoni, au funga mlango wa kisanduku kwa kufuli. Ufunguo ni mmoja na unakaa kwako. Hauachwi juu ya meza ya msimamizi wala hauazimwi. Mkiwa mafundi watatu kwenye kazi moja, ziwepo kufuli tatu. Kipo kibanio cha chuma chenye matundu mengi kwa kazi hiyo. Kila mmoja anatia kufuli yake na kila mmoja anaondoa yake mwenyewe anapomaliza. Kufuli ya mwisho ikitoka ndipo umeme unaweza kurudi. Zamu ikibadilika, anayeingia atie kufuli yake kabla anayetoka hajaondoa ya kwake.

Tatu, tundika kibao. Kibao kiandikwe hivi:

USIWASHE
MTU YUKO KAZINI
Jina: ....................
Kazi: ....................
Tarehe: ..........  Saa: ..........

Jina liandike kwa mkono wako. Sisi walimu wa kisomo tuna desturi ya kumwambia mwanafunzi ajifunze kuandika jina lake ili aweze kutia saini kwenye hati ya mauzo ya pamba badala ya dole gumba. Ni jambo jema. Lakini sijui mahali ambapo jina lililoandikwa vizuri lina thamani zaidi ya hapa. Mtu akiona neno "fundi" anaweza kupuuza. Akiona jina la mtu anayemfahamu, aliyekunywa naye chai asubuhi, mkono wake unasita.

Nne, pima. Hapa wengi hurukia. Kuzima swichi si uhakika kwamba umeme umekwisha. Pengine umezima swichi siyo yenyewe. Tena meli ina njia nyingi za kupata umeme. Kuna waya mnene unaotoka nchi kavu, kuna jenereta za ndani, kuna betri za dharura. Ukikata mmoja, mwingine unaweza kuwa unaendelea kuleta. Vivyo hivyo kijijini, mwenye mashine ya kusaga anaweza kuwa na umeme wa TANESCO na jenereta pia. Na paneli ya sola haina usiku mchana kweupe. Maadamu jua linawaka, waya zake zina umeme.

Pima kwa testa nzuri. Jaribu testa kwanza mahali unapojua pana umeme, uone inafanya kazi. Kisha pima pale unapotaka kushika. Kisha rudi pale pa kwanza ujaribu testa tena. Mara hizo tatu zina sababu. Testa iliyokufa haiwaki hata penye umeme, nayo itakudanganya. Kupima kwa mgongo wa mkono, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa mitaani kwa kujionyesha, ni mchezo wa kamari.

Baada ya hayo yote, ndipo ushike waya.

Mwaka huu, kabla viwanda vya kuchambua pamba havijaanza msimu, mitambo itafunguliwa na kusafishwa. Kama unafanya kazi huko, tazama kama swichi za mitambo zina kufuli na vibao. Ule mtambo wenye misumeno ukiwashwa mtu akiwa ameingiza mkono ndani, hauhitaji hata umeme umguse. Msumeno utamaliza kazi.

Anayechomelea

Watu huiona mashine ya kuchomelea kuwa haina hatari, kwa sababu volti zake ni chache. Kabla cheche haijawaka, ncha ya kijiti inaweza kuwa na volti 80. Kwa mtu mkavu ni kidogo. Kwa aliyelowa jasho juu ya chuma inaweza kutosha kumwua.

Badilisha kijiti ukiwa na glavu kavu za ngozi. Glavu zikilowa, pumzika uchukue nyingine. Usikibane kishikio cha kijiti kwapani wakati unapanga vyuma. Kwapa lina jasho na liko karibu na moyo. Ukikaa au ukilala, tandika ubao mkavu au mpira kati yako na chuma. Waya wa kurudi, ule ambao mafundi huuita ethi, ubanwe kwenye chuma kile kile unachochomelea, karibu na kazi. Ukiubana mbali, umeme utajitafutia njia nyingine, pengine kupitia kamba ya chuma ya winchi au kupitia mwili wa mwenzako. Mvua ikianza, acha.

Na asiingie mtu ndani ya tangi bila mwangalizi kubaki nje mlangoni. Kazi ya mwangalizi ni moja tu: kuangalia na kukata umeme. Asitumwe kununua soda.

Kwa karakana za Bariadi mjini na za magulioni nina neno dogo. Zile waya zinazochomekwa kwenye soketi bila plagi, zikakazwa kwa njiti za kiberiti, zinajulikana kila mahali. Plagi ni rahisi kuliko jeneza.

Mwenzako akinaswa

Usimshike. Ukimshika, mtakuwa wawili. Kimbia ukate umeme kwenye swichi. Ikiwa swichi iko mbali, simama juu ya ubao mkavu, msukume kwa mti mkavu mpaka aachane na waya. Hili ni kwa umeme wa nyumbani na wa karakana tu. Waya za juu ya nguzo zinazopita mashambani zinaweza kuwa na volti 33,000. Huko mti mkavu hausaidii kitu. Kaa mbali, zuia watu wengine, piga simu TANESCO wakate.

Akishatoka, tazama kama anapumua. Kama hapumui na hashtuki ukimwita, mlaze chali mahali pakavu pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua chake, na kiganja cha pili juu ya cha kwanza. Bonyeza kwa nguvu, kifua kishuke kama sentimita 5, kisha kiache kiinuke. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine apokee. Msiache mpaka apumue au mfike kwa mganga wa hospitali. Wapo wanaokimbilia kumnywesha maziwa. Mtu asiye na fahamu akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa na kufa kwa maziwa hayo.

Hata kama ameinuka na anasema yu mzima, apelekwe kituo cha afya. Umeme huunguza ndani ambako jicho halifiki, na moyo unaweza kuharibika mapigo baadaye.

Mwajiri na daftari lako

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama na ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Wakala wa serikali anayesimamia jambo hili ni OSHA. Pia upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayechangia mfuko huo ni mwajiri. Mshahara wako haukatwi.

Lakini anayedai fidia huulizwa maswali. Ulianza kazi lini? Nani alikuajiri? Ulikuwa unafanya nini siku ile? Nunua daftari dogo. Siku ya kwanza ya kazi andika tarehe, jina la kampuni au la mtu aliyekuchukua, na kazi uliyopewa. Kila jioni ongeza mstari mmoja. Acha nakala ya ukurasa wa kwanza nyumbani kwa mkeo, mumeo au mama yako.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Katika kijiji chenu, ni nani anayefanya kazi ya umeme au ya kuchomelea? Mwalikeni darasani. Mwulizeni anazimaje umeme kabla ya kushika waya.

2. Kwa nini mtu aliyelala juu ya chuma akiwa na jasho yuko hatarini kuliko aliyesimama kwenye ubao mkavu?

3. Testa hujaribiwa mara tatu. Eleza kila mara ni kwa sababu gani.

4. Mafundi wanne wanafanya kazi kwenye mota moja. Zinahitajika kufuli ngapi? Mmoja wao akienda nyumbani na ufunguo wake kwa kusahau, mtafanya nini? Jadilianeni vizuri, kwa maana jibu la kuvunja kufuli lina hatari yake.

5. Kata kipande cha boksi ukubwa wa kiganja. Andika USIWASHE kwa herufi kubwa, halafu MTU YUKO KAZINI, halafu jina lako. Toboa tundu, tia kamba. Wiki ijayo kila mtu aje na kibao chake, na mwenye jamaa anayekwenda Mwanza kutafuta kazi ampe akiweke kwenye begi.